Shamba la Aliyechelewa

Kila mwaka alikuwa wa mwisho kufyeka.
Majirani wa Lundar wakifunga marobota wiki ya kwanza ya Julai,
Thorvald bado yuko chini ya trekta, grisi hadi kwenye nyusi,
akisubiri kipuri kutoka Winnipeg
au goti lipungue kuvimba.
Mvivu, walisema kanisani,
kwa sauti ile ile ya kujuliana hali.
Halldora alisikia. Alikaza tu fundo la kitambaa kichwani.

Sasa Thorvald ana miezi kumi na mmoja udongoni,
na binti wa idara ya wadudu, Noreen Courchene,
amepiga magoti penye nyasi ndefu
kama aliyedondosha pete.

Huyu hapa, ananong'ona.
Kitu cha rangi ya chai iliyozidi maziwa,
hakifiki ukucha wa kidole gumba.
Mabawa mawili kimeyalaza, mawili kimeyasimamisha,
kama mtu aliyevua koti nusu akakumbuka jambo.

Tungekiita kipepeo, ila hakipepei.
Kinachupa. Hapa. Pale.
Jicho likifika, ua linatikisika peke yake.

Majira yote ya theluji, Noreen anasema,
kilikuwa kiwavi, chini kabisa, shina linapozama ardhini,
katika kijumba cha hariri na majani makavu.
Kabla ya baridi kilitoka usiku, kikakata jani,
kikalikokota ndani, kikala mlango umefungwa
kama mwenye madeni.
Halafu wiki tatu za mabawa.
Tatu.
Ukifyeka mapema, maua huenda na robota,
nao hufa njaa katikati ya harusi.

Mashamba ya majirani, hakuhesabu hata mmoja.
Hapa, kumi na wanne.

Halldora anacheka mpaka anashika uzio.
Miaka arobaini nikimgombeza!

Usiku redio inatangaza mvua ya Alhamisi.
Nyasi zikilowa bei itashuka, anajua,
na mkopo wa paa hauna msamaha.
Anakwenda bandani. Visu vimenolewa.
Kipuri, safari hii, kipo rafuni
ndani ya boksi lake, tena viwili,
na kile cha pili kina vumbi la miaka.
Anasimama nacho mkononi muda mrefu.

Simu inalia. Jirani: Utafyeka lini, mama?
Goti, anajibu. Goti linanisumbua.
Na chini ya meza analinyoosha, zima,
analikunja, analinyoosha tena.