Sekunde Thelathini Kabla ya Habari

Kazi yangu ni kununua masikio.
Nayanunua kwa sekunde, jumla na rejareja,
ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro,
dirisha likinipa kituo cha mafuta
na kipande cha ziwa kisichozidi kiganja.

Najua mambo yasiyomo katika cheti changu.
Najua Ahero huwasha redio saa kumi na moja alfajiri
kabla ya kushuka mpungani.
Najua Jumapili pale Kibuye
hakuna sauti inayoshinda kipaza cha muuza mitumba.
Najua Siaya hazimwi redio
wakati wa matangazo ya vifo,
basi naubandika hapo mche wa sabuni,
baada ya jina la marehemu, kabla ya siku ya mazishi,
na Mungu anisamehe, sabuni inatoka.

Sekunde thelathini kabla ya habari za saa moja
zinapita mshahara wangu wa siku tatu.
Nazitilia sahihi kwa kalamu ya ofisi,
ile iliyofungwa kamba mezani isiibwe.

Mwisho wa mwezi karatasi inakuja imekunjwa mara mbili.
Juu, tarakimu imeumuka kama andazi la moto.
Halafu kodi. Halafu bima ya afya.
Halafu nyumba, sijui itajengwa wapi.
Halafu mkopo wa chuo: mwaka wa nne huu
namlipia mhadhiri aliyenifundisha
kwamba soko halina upendeleo.
Chini kabisa, andazi limenywea.

Pacha wangu Apiyo anafanya kazi hii hii Nairobi.
Jedwali lile lile, sabuni ile ile;
yeye hununua nchi, mimi upande wake wa magharibi.
Hulipwa mara mbili yangu, na chenji.
Tulisoma Maseno, chumba kimoja,
yeye kitanda cha juu, mimi cha chini,
na ikweta ikajipitia zake
bila kumwegemea yeyote.

Nilimwendea Bwana Lusweti.
Akasema, Adongo, kule kodi ya nyumba iko juu.
Nikasema hata ngege siku hizi hushuka Kisumu kwa lori,
na barafu yake, na bei ya mgeni.
Akasema wateja wa kule ni mabenki, wa huku ni sabuni na mbegu.
Akasema miaka yako ni minne tu.
Nikasema Were ana mitatu.
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
Akasema, Were aliomba. Siku ya kwanza, aliomba.

Kumbe.
Mimi ninayevutana na vituo sita
hadi wanipunguzie asilimia kumi na tano
na kunitajia sabuni mara mbili bure,
siku ile niliulizwa, "Unataka ngapi?"
nikajibu, "Yoyote mtakayoona inafaa."
Yoyote.
Neno la nusu sekunde,
na bado nalilipia kila mwezi.

Mama husema Apiyo alinitangulia kwa dakika kumi.
Jana usiku umeme ulipopotea
nilizikata dakika hizo vipande ishirini
vya sekunde thelathini, bei ya kabla ya habari,
nikajumlisha kwa mwanga wa simu
nyuma ya karatasi ya mshahara.
Sitamwambia Lusweti nilikoitoa tarakimu hiyo.
Naye hajawahi kuniambia alikoitoa yake.

Kesho saa tatu naingia.
Nitaitaja mara moja, polepole, kama nambari ya simu,
kisha nitafanya kile watangazaji wote hukiogopa:
nitanyamaza.
Sekunde thelathini nzima, hewa tupu,
mpaka mmoja wetu
ashindwe kuilipia.