Mfuko wa Shati

Usiku ule kila mtu alikuwamo.
Muulize yeyote wa Kikwajuni mwenye mvi,
atakwambia alikaa mstari wa mbele, chini, sakafuni,
televisheni mpya imepandishwa juu ya meza mbili,
na Vipepeo wakatokea kwa rangi, wazima wazima.
Ukumbi wenyewe hauchukui watu mia.
Mie nimeshahesabu mashahidi elfu mbili na ushei.

Mie sikuwamo.
Nilikuwa na surua, nimefungiwa chumba cha uani,
dirisha limezibwa kwa kanga,
nasikia makofi tu yakipita juu ya mabati
kama mvua inayonyea mtaa wa pili.

Ndipo nikaanza kuokota.
Tangazo lililobanduliwa ukutani kwa Ussi Pandu,
mgongoni bado lina chokaa.
Njuga moja ya tari ya Mize Khatib.
Waya wa gitaa, nimeuziwa Wete na bwana aliyeapa
ndio ule ule uliokatika katikati ya wimbo wa pili.
Jirani yake naye alikuwa nao. Nikanunua zote mbili.
Kiti cha chuma alichokalia mpiga ngoma:
mke wangu anaanikia dagaa juu yake
wala haniombi radhi.

Kanda yenyewe haipo.
Nilikwenda kuuliza, wakanambia kwa upole
kanda zilikuwa ghali, zikifutwa,
na juu ya Vipepeo parikodiwa
mafunzo ya kilimo cha mpunga.

Picha ninayo moja, nyeusi na nyeupe.
Hapo ndipo unapoanzia ugomvi, barazani, kila Ijumaa:
yale mashati yalikuwa rangi gani?
Kidawa anasema zambarau, tena iliyoiva.
Vuai wa baiskeli anasema manjano, binzari khasa,
na anayebisha asimletee baiskeli yake.
Mwaka wa nne huu hawasalimiani.

Juzi juzi mtoto wa marehemu fundi Makame
kaniletea bahasha ya kaki.
Ndani yake mfuko wa shati, peke yake,
kipepeo katariziwa, bawa moja limelizidi jengine.
Jua limeula. Leo rangi yake
ni ya chai iliyosahauliwa kikombeni.

Lakini mfuko una upindo.
Na ndani ya upindo, kitambaa kilipokunjwa mara mbili,
jua halijapata kuingia tangu siku uliposhonwa.
Mishono kumi na sita. Nimeihesabu kwa miwani,
kisha nikaihesabu tena.
Wembe ulikuwa kwenye mtoto wa meza.

Usingizi ukinikataa nautoa, nauweka kifuani
upande wa kushoto, pale pale ungekaa,
na makofi yanakuja, mtaa wa pili, juu ya mabati.

Kidawa akipita huniuliza dirishani: "Enhe, umeshaona?"
Namwambia bado.
Wembe nimempa mke wangu, anakatia kucha.