Kinachohesabu

Kabla ya mikeka hii
nilikuwa nikiingia na tochi.
Saa sita, saa tisa, saa kumi na moja,
vidole vimeuziba mwanga
ubaki mwekundu kama kaa la mwisho,
kisha nainama, shavu langu karibu na pua ya mzee,
hadi pumzi inigonge.
Veikko hakuwahi kunisamehe.
"Binti, hivyo ndivyo mwizi anavyoingia.
Utaniua kwa kuhakikisha kama nimekufa."

Theluji ya kwanza ilipoanguka Kemijärvi
mikeka ikaletwa, myembamba kuliko gazeti,
ikalazwa chini ya magodoro.
Haina waya kifuani, haina kibanio kidoleni.
Inasikiliza tu: moyo, mapafu,
nyonga ya bandia ikigeukia ukutani.
Mimi nakaa na kahawa yangu mbele ya kioo,
wazee kumi na wanne, mistari kumi na minne ya kijani.
Aune, hamsini na nane kwa dakika.
Saimi, pumzi inakatika, inarudi,
inakatika,
imerudi.
Na Veikko, aliyesukuma magogo mtoni tangu ujana,
moyo wake bado unaruka gogo hadi gogo,
mara nyingine unakosa pa kukanyaga.

Usiku mmoja wa Januari mstari wake ukalala.
Haukutetemeka kwanza. Ulilala tu, kama mto ulioganda.
Nilikimbia na soksi, kikombe sijui nilikiacha wapi.
Kitanda kitupu. Shuka limetandikwa, limenyooshwa.
Yeye yuko sakafuni chini ya dirisha,
blanketi hadi kidevuni, macho wazi,
weupe wa nje ukimwangukia usoni.

"Usiwashe," akasema.
"Kile kinanihesabu."
"Lakini hakikugusi, Veikko. Hata hukisikii."
"Ndiyo maana.
Wewe nilikuwa nakusikia ukija."

Nilipaswa kumwinua. Kanuni ipo ukutani, namba nne.
Nikaketi, mgongo kwenye hita,
viatu vyangu viko mwisho wa korido.
Nikahesabu kwa masikio, kwa mazoea tu,
nikapotea kwenye ishirini na kitu, nikaanza upya,
naye akasinzia kabla sijafika popote.

Ripoti ya asubuhi ina visanduku viwili:
kitandani, hayupo.
Mashine ilikuwa imeshajaza, saa tisa na dakika saba hadi kumi na mbili:
hayupo.
Nikaichapa. Nikaandika pembeni kwa kalamu,
kwa mwandiko wangu mbaya,
alikoroma.