Mgeni wa Ukuta wa Kaskazini

Huku Ballarat jua hupitia kaskazini,
kwa hiyo ukuta ule ulio nyuma ya jiko
ndio tuliompa mgeni.
Darryl alimleta kutoka Atherton
ndani ya kopo la rangi, kati ya miguu yake,
siku nne za gari, mimi nikiendesha,
yeye akimfungulia dirisha kila tuliposimama kunywa chai.
Mche wa shibiri moja, majani manne
yenye kingo zilizokatwakatwa kama kazi ya mtoto na mkasi.
"Kwao," alisema, "mti huu hupita mapaa.
Huchanua magurudumu. Magurudumu mekundu, Thirza,
yana njiti, kama baiskeli za malaika waliolewa."
Nilicheka. Siku zile nilikuwa bado nacheka naye.

Juni ikaingia na jalidi.
Usiku nilikuwa wodini nikiwageuza wazee vitandani,
na saa moja kasorobo, giza bado, nikirudi
nyasi zikivunjika chini ya viatu kama maganda ya mayai,
sikuingia ndani kwanza.
Tochi. Gunia. Blanketi la jeshi
ambalo mzee Ozolins alilitupa juu ya ua bila neno.
Nilishika jani kwa vidole viwili
kama ninavyoshika kifundo cha mkono wa mgonjwa,
nikisikiliza kama mwenyewe bado yumo.

Ozolins huyo huyo akaleta mbolea ya kuku,
ndoo nzima, kwa wema,
na wiki haikwisha majani yakawa manjano.
Kumbe mti huu hula kama mtu aliyefunga:
ukiushibisha unakufa.
Nikachimbua, nikauosha mchanga kwa maji ya mvua,
nikamwambia Ozolins ni baridi tu.

Mwaka wa nne kilele kiliungua, kikawa cheusi.
Mwaka wa tano Darryl akasema mifupa inamuuma,
kwamba huku hata maneno hutoka na moshi.
Sikumbishia. Nilimfungia mkate na mayai.
Aliondoka na lile kopo la rangi, tupu,
sijui la nini.
"Hautaishi," aliniambia langoni,
kwa upole, kama anayenipa ruhusa.

Husemwa mvumilivu hula mbivu.
Huu hauna mbivu;
una mbegu kavu, nyembamba kama kucha,
na hata hizo sikuwahi kuziona.
Ulifika kizingiti cha dirisha ukakaa hapo
miaka mitatu, kana kwamba unasoma mkataba.
Wala usidhani nilikuwa nangoja.
Nilikuwa na zamu, na deni la nyumba, na gego bovu.
Kufunika gunia ikawa kama kufunga mlango,
kazi ya mikono, kichwa kiko kwingine.

Mwaka wa kumi na saba, Machi,
nimetoka na beseni la maji ya vyombo
nikasikia ugomvi: ndege wenye midomo ya sindano,
sita, saba, wanafukuzana ukutani.
Kwenye shina lenyewe, si tawini,
chini ya kiuno changu, mahali gunia lilipokuwa likisugua,
gurudumu.
Moja.
Jekundu kama chuma kinapotoka tanuruni,
njiti kumi na nne. Nilizihesabu mara mbili,
mara ya kwanza macho hayakufaa.

Ozolins, miaka tisini na mmoja, akaegemea ua,
akatazama muda mrefu, taya likitafuna hewa.
"Eeh," akasema hatimaye. "Ile mbolea yangu."
Nikamwambia ndiyo.

Nilipiga picha. Namba ya Darryl bado ninayo.
Nikaandika, "Umechanua," nikafuta.
Nikaandika, "Njiti kumi na nne," nikaiacha hapo,
simu juu ya meza, kioo kikazimika chenyewe.
Jioni nikalitoa gunia kibandani,
nikalikung'uta vumbi, nikashona lilipopasuka.
Machi na Juni si mbali.