Chini ya Malisho ya Tegwyn

Tegwyn hataki tuchimbe.
Kondoo wake, asema, hawalali pale;
hata theluji ikianguka wanapazunguka
kama wapita njia wakwepao kaburi.

Basi natembea na kipimasumaku mkononi,
unyayo kwa unyayo, katika tope la Wales,
na sindano imelala. Imelala. Imelala.

Babu wa mama yangu ndiye aliyeruka
ardhi ilipoachama chini ya reli
(mgodi ulishaila kwa ndani, kama mchwa na mbao).
Alishika nyasi, akageuka,
akaona bomba la moshi likizama, na bado linafuka.
Kesho yake wakampa koleo: fukia, Idwal.
Akafukia. Wiki tatu. Nusu mshahara.

Sindano imeruka.
Nasimama. Soksi zimelowa.
Chini yangu, mita sijui ngapi,
tani thelathini za chuma,
na koti lake, alilolililia kuliko garimoshi,
na mfukoni mwa koti mkate na jibini
alivyojiwekea kwa saa sita mchana.

"Umepata?" Tegwyn anauliza kutoka langoni.
Nachomeka kijiti.
Nakichomoa.
"Bado," nasema. "Bado kidogo."