Pumzi za Idwal

Jumanne jioni, chumba cha chini cha maktaba,
katika mji ambao mgodi wake ulifungwa kabla sijazaliwa.
Mvua ya Wales inagonga dirisha kama mdai.
Kompyuta tisa, birika la chai,
biskuti zilizokwisha kulainika.

Tegwen, mwalimu wetu, ana sheria mbili tu:
dakika mbili, na sauti iwe yako.
"Usiazime mdomo wa mtu," asema.

Mwaka juzi tulikuwa wanne na mbwa.
Leo viti havitoshi.
Ffion ameleta picha ya duka la mamake,
mizani ya shaba, paka juu ya gunia la viazi;
Bwana Prothero ana risiti ya pete
aliyoinunua asimvishe mtu.
Tunakata, tunaunga, tunaisogeza picha polepole
hadi jicho lipate pa kutua.
Mmoja akikwama, jirani huvuta kiti.

Idwal, miaka thelathini na moja chini ya ardhi,
alikuja na picha moja.
Moja tu: Emrys, kaka yake,
uso mweusi kwa vumbi la makaa, anacheka, ameshika kijiko.
Akasoma. Kati ya neno na neno
kifua kilikwaruza kama koleo kwenye changarawe.

Mimi ndiye fundi wa mitambo.
Niliziona pumzi zake kwenye kioo,
vilima vidogo vyenye miiba,
nikazifuta, kimoja kimoja.
Kazi safi. Nikajisifu.
Nikamvisha spika za masikioni.

"Huyu nani?"
"Ni wewe."
"Mimi sina mapafu mazima tangu miaka arobaini.
Na Emrys alikufa akizitafuta hizo ulizozifuta."

Nikabonyeza kurudisha.
Zikarudi, moja nyuma ya nyingine,
kama zamu inayopanda kutoka shimoni,
nami nikazihesabu, nisiache hata moja ndani.

Ijumaa tulitundika shuka kwenye ukuta wa kanisa.
Hadithi ya Idwal ilizidi kwa sekunde kumi na tisa.
Tegwen akaitazama saa yake,
akaivua, akaitia mfukoni.
Gizani, safu kwa safu,
watu wakawa wanavuta pumzi anapovuta yeye.

Taa zilipowaka, mwanamke nisiyemjua
alinishika mkono wa sweta, akauliza
kama picha iliyoungua pembeni inafaa.

Nikamwambia ailete,
na pembe asiikate.