Kipande Katika Droo

Silinda ndogo, unene wa kidole gumba,
naiweka kati ya taya mbili za mashine
hapa Leoben, theluji ikigonga dirisha.
Nyuzi elfu moja na mia moja.
Inawaka kama kiini cha yai la kienyeji.
Naibonyeza. Inatii, halafu inabisha,
na ubishi huo una jina: molibdeni.

Miaka sita nimeishi na tabia zao.
Kaboni, mbabe wa baridi,
motoni huwa laini kama mkwe ugenini.
Niobi hutiwa kidogo, chini ya chumvi ya mchuzi,
lakini punje zilizopondwa zikitaka kuzaliwa upya
husimama mipakani: bado, subirini.
Manganizi humpokea kibiriti mlangoni,
hukaa naye pembeni
asije akayeyuka kati ya punje na kuharibu kazi ya watu.

Shaba, nitakuja kwako.

Baba yangu, Egidi Hochreiter,
alifua feleji Kapfenberg miaka thelathini na minane.
Hakuwa na grafu. Alikuwa na sikio.
Samaki hukunjwa angali mbichi,
chuma kingali chekundu: hilo alilijua.
Ila hakuna aliyemwambia
samaki yule alikuwa amekula nini.

Machi moja ekseli ya treni ilipasuka chini ya nyundo yake,
nyufa kama magaga ya kisigino.
Msimamizi Stubenvoll akaandika: kosa la mfuaji.
Baba akaokota kipande,
akakilaza kwenye droo ya vijiko.
Tulikula naye supu miaka ishirini na kile kipande.

Wiki hii nimekikata, nimekisugua, nimekitazama kwa hadubini.
Uzi mwekundu, kati ya punje na punje.
Mota kuukuu zilitupwa tanurini na nyaya zake.
Chuma huungua juu, huwa magamba;
shaba haiungui. Hubaki, hujikusanya,
huyeyuka kimyakimya, hupenya.
Ukigonga, panafunguka.

Nikampigia simu.
Haukuwa mkono wako, Baba.
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni, muda mrefu.
Nikeli kiasi ingeizuia, nikasema.
"Nikeli," akarudia,
kama jina la jamaa aliyealikwa arusini asitokee.
"Iliuzwa bei gani mwaka ule?"

Sikujua.
Mashine ikalia; silinda ya pili imeiva.